Nyaraka za George Rogers Clark

Nyaraka za George Rogers Clark ni mkusanyiko wa barua, stakabadhi, hesabu za jeshi, hati za ardhi na kumbukumbu binafsi zilizoachwa na George Rogers Clark (19 Novemba 1752 – 13 Februari 1818), mwanajeshi wa Virginia katika Vita ya Uhuru wa Marekani ambaye baadaye alikuwa mmiliki wa ardhi kwenye mpaka wa magharibi, kando ya mto Ohio. Leo nyaraka hizo hazipo mahali pamoja. Sehemu kubwa iko Madison katika jimbo la Wisconsin. Nyingine ziko Richmond (Virginia), Louisville (Kentucky) na St. Louis (Missouri).

Wanahistoria wanazitumia kueleza jinsi nchi iliyo kaskazini ya mto Ohio ilivyoingia mikononi mwa Wamarekani. Lakini ndani yake mna pia kesi ya madeni iliyomwandama mwenyewe hadi kaburini. Clark alinunua chakula, nguo na baruti za askari wake kwa sahihi yake. Alisema risiti zote amekwisha kuzipeleka serikalini. Serikali ya Virginia ilisema haina risiti za kutosha, kwa hiyo haiwezi kulipa. Risiti hizo zilionekana mwaka 1913 mjini Richmond, katika jengo la serikali yenyewe, miaka 95 baada ya mdai kufariki.

Mwenye nyaraka

Clark alizaliwa katika kaunti ya Albemarle, karibu na Charlottesville, katika familia ya wakulima wenye watumwa. Hakusoma shule kwa muda mrefu. Alijifunza kazi ya upimaji ardhi, na mwaka 1772, akiwa bado hajafikisha miaka 20, alishuka mto Ohio kutafuta viwanja. Mpima ardhi wa wakati ule hakuwa fundi wa kuajiriwa tu: aliyefika kwanza na mnyororo wake wa kupimia ndiye aliyejua udongo mzuri uko wapi, na mara nyingi alijiandikia sehemu yake.

Vita dhidi ya Uingereza ilipoanza, walowezi wa Kentucky walimtuma Virginia kuomba msaada. Mwaka 1776 alipata ratili 500 za baruti (kama kilo 227). Mwezi Januari 1778 gavana Patrick Henry alimpa amri mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wazi, nayo ilimtaka aandikishe askari wa kuilinda Kentucky. Ya pili ilikuwa ya siri: avuke mto Ohio na kuishambulia Kaskaskia, mji wa Wafaransa uliokuwa chini ya Uingereza karibu na mto Mississippi. Alipewa pauni 1,200 za noti za Virginia, ambazo thamani yake ilikuwa tayari imeporomoka.

Aliondoka kwenye maporomoko ya mto Ohio tarehe 24 Juni 1778 akiwa na watu wapatao 175, akaiteka Kaskaskia usiku wa tarehe 4 Julai bila vita. Naibu gavana Mwingereza wa Detroit, Henry Hamilton, aliuchukua tena mji wa Vincennes mwezi Desemba. Clark hakungoja majira mazuri. Mwezi Februari 1779 aliwaongoza watu kama 170, karibu nusu yao wakiwa Wafaransa wenyeji, kwa mwendo wa takriban kilomita 290 katika nchi iliyofurika maji, wakivuka mabonde kwa miguu huku maji ya baridi yakiwafika kifuani. Hamilton alisalimu amri tarehe 25 Februari.

Hayo ndiyo yanayoandikwa katika vitabu vya shule nchini Marekani. Sehemu inayobaki ya maisha yake, yaani karibu miaka 40, inapatikana zaidi katika nyaraka kuliko katika vitabu hivyo.

Stakabadhi na hawala

Jeshi la Clark, lililoitwa Kikosi cha Illinois, lilikuwa mbali mno na hazina ya Virginia. Hakuna msafara wa fedha ulioweza kulifikia kwa ukawaida. Kwa hiyo kila gunia la unga, kila ng'ombe, mtumbwi, jozi ya viatu au pipa la pombe ya miwa lilinunuliwa kwa mojawapo ya njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa noti za Virginia. Wafanyabiashara wa Kaskaskia walizipokea mwanzoni kama kwamba zina thamani sawa na fedha halisi, kwa sababu hawakuwa na habari za kuporomoka kwake upande wa mashariki. Walipogundua, walikataa kuuza.

Njia ya pili ilikuwa hawala: karatasi inayosema kwamba mtu fulani, kwa mfano mweka hazina wa Virginia, amlipe mwenye karatasi kiasi fulani. Hawala nyingi za Clark ziliandikwa kwa jina la Oliver Pollock, mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland aliyeishi New Orleans, mji uliokuwa wa Hispania wakati huo. Pollock alizilipa kwa mali yake na kwa mikopo mpaka akafilisika. Mwingine aliyetoa mali ni Francis Vigo, mfanyabiashara wa St. Louis mzaliwa wa Italia, ambaye pia ndiye aliyemletea Clark habari kwamba Hamilton alikuwa na askari wachache Vincennes.

Hapa ndipo ulipo mtego ambao msomaji lazima auelewe. Hawala ikikataliwa na yule aliyeandikiwa, mwenye karatasi humrudia aliyetia sahihi. Aliyetia sahihi alikuwa Clark. Ni kweli aliandika kama kamanda wa Virginia, lakini wadai waliona jina la mtu, na mtu huyo alikuwa na ardhi inayoweza kukamatwa. Virginia ilipokawia kulipa, kesi zikaanza.

Kwa nini Virginia ilikawia? Sababu ni kadhaa, na si zote za uovu. Jimbo lilikuwa limefilisika kwa vita. Maofisa wake walishuku, na si bila msingi kabisa, kwamba baadhi ya manunuzi ya magharibi yalikuwa na udanganyifu wa wafanyabiashara. Mwezi Januari 1781 jeshi la Uingereza likiongozwa na Benedict Arnold liliingia Richmond na kuchoma majengo na kumbukumbu nyingi za serikali. Ikawa rahisi kuamini kwamba karatasi za Clark ziliungua pamoja na nyingine. Clark mwenyewe alikuwa Virginia siku hizo, na alipigana na askari wa Arnold. Tena mwaka 1784 Virginia iliikabidhi serikali ya shirikisho madai yake ya nchi ya kaskazini-magharibi, kwa sharti kwamba gharama za kuiteka zirudishwe. Kuanzia hapo kila upande ulikuwa na mahali pa kumwelekeza mdai: jimbo lilimtazama Congress, na Congress ilitaka hati.

Tume ya Virginia iliyokwenda Kentucky miaka 1782–1783 kukagua hesabu za magharibi ilimhoji Clark na maofisa wake. Katika mwaka huohuo wa 1783 Clark alimwandikia gavana akiomba apewe kiasi kidogo katika malipo anayodai, kwa kuwa hakuwa hata na nguo za kutosha. Barua hiyo ni fupi na haina mapambo. Huyu ni mtu aliyepewa cheo cha brigedia jenerali na jimbo lake miaka miwili tu kabla.

Barua na kumbukumbu

Maandishi mawili ya Clark kuhusu vita yanasomwa zaidi kuliko mengine. La kwanza ni barua ndefu aliyomwandikia rafiki yake George Mason wa Virginia tarehe 19 Novemba 1779, miezi michache baada ya matukio yenyewe. La pili ni kumbukumbu aliyoiandika takriban miaka kumi baadaye kwa kuhimizwa na John Brown wa Kentucky na James Madison, ambaye baadaye alikuwa rais.

Theodore Roosevelt, kabla hajawa rais, aliandika historia ya magharibi na kuidharau ile kumbukumbu, akidhani ni kazi ya mzee anayejisifu. Wahariri wa baadaye walionyesha kwamba iliandikwa mapema kuliko alivyodhani, na kwamba katika mambo mengi inakubaliana na hati za wakati wa vita. Hata hivyo hakuna haja ya kuipokea yote. Clark alikuwa anajua kusimulia, na katika maelezo yake yeye huwa na mpango kila mara, hata pale ambapo bahati ilifanya kazi kubwa zaidi.

Njia nzuri ya kuzipima hati hizi ni kuziweka kando ya hati za adui. Hamilton naye aliandika shajara, ambayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 1951 na mwanahistoria John D. Barnhart. Chukua tukio moja la Vincennes. Wakati ngome imezingirwa, kundi la wapiganaji wa Kiindio (wenyeji asilia wa Amerika) waliokuwa wanarudi kutoka uvamizi lilikamatwa, na kadhaa kati yao wakauawa kwa shoka hadharani mbele ya ngome. Clark hafichi jambo hilo. Alitaka walio ndani waone, na Waindio wengine wajue kwamba Waingereza hawawezi kuwalinda. Hamilton anasimulia tukio hilohilo kwa hasira, na kumwonyesha Clark akija kwenye mazungumzo ya kusalimu amri akiwa bado na damu mwilini. Msomaji anayesoma upande mmoja tu atapata shujaa au mnyama. Akisoma pande zote mbili atapata jambo ambalo wote wawili wanalikubali: watu waliofungwa kamba waliuawa ili wengine watishike. Sauti ya waliouawa haimo katika mkusanyiko wowote.

Ni hivyohivyo kwa kampeni za mwaka 1780 na 1782 dhidi ya vijiji vya Washawnee katika nchi ambayo sasa ni Ohio. Taarifa za Clark zinahesabu nyumba zilizochomwa na mamia ya ekari za mahindi yaliyofyekwa. Kufyeka mahindi mwezi Agosti maana yake ni njaa mwezi Januari, jambo ambalo taarifa haziongezi kwa sababu mwandishi na msomaji wake walilijua.

Zipo pia barua za amani, na baadhi zinashangaza. Clark alichunguza vilima vikubwa vya udongo vilivyo katika nchi ya Illinois, na aliandika kupinga dhana ya Noah Webster, mtunzi wa kamusi, kwamba vilijengwa na Wahispania wa msafara wa Hernando de Soto. Clark alisema vilijengwa na mababu wa Waindio wenyewe, jambo ambalo akiolojia imelithibitisha. Thomas Jefferson alimwandikia mwishoni mwa 1783 akimwuliza kama angeongoza safari ya uchunguzi kuelekea bahari ya Pasifiki. Clark alijibu mwezi Februari 1784 kwamba mambo yake ya fedha hayamruhusu, lakini akashauri kwamba kundi kubwa lingewatia Waindio hofu. Vijana watatu au wanne wenye akili, kwa miaka minne au mitano, wangetosha.

Ardhi

Malipo ambayo Clark aliyapata kwa vita yalikuwa ardhi, si fedha. Mwaka 1779 chifu wa Wapiankashaw aliyeitwa Mwana wa Tumbaku alimpa kwa hati eneo kubwa kwenye maporomoko ya Ohio. Sheria ya Virginia haikuruhusu mtu binafsi kujipatia ardhi moja kwa moja kutoka kwa Waindio, na hati hiyo haikuthibitishwa.

Badala yake, mwezi Januari 1781 bunge la Virginia liliahidi ekari 150,000 (kama kilomita za mraba 607) kwa Clark na askari wa Kikosi cha Illinois. Eneo hilo, linalojulikana kama Ruzuku ya Clark, liko katika jimbo la Indiana ya leo, ng'ambo ya mji wa Louisville, na lilitengwa pia katika makabidhiano ya 1784. Ekari 1,000 ziliwekwa kwa mji mpya wa Clarksville. Zilizobaki ziligawanywa kwa vyeo: askari wa kawaida alipata ekari 108, na Clark alipata 8,049. Clark alikuwa mmoja wa wajumbe waliosimamia ugawaji, na hati za kazi hiyo, pamoja na ramani na orodha za majina, ni sehemu muhimu ya nyaraka.

Ukiangalia ekari peke yake, Clark alikuwa tajiri. Mbali na ruzuku alikuwa na madai mengine mengi Kentucky. Lakini Kentucky ilikuwa nchi ya hati zinazopandiana: mpima mmoja aliweka alama kwenye mti, mwingine akapima eneo hilohilo kwa kuanzia kijito, na wote wawili wakasajili. Mwenye ardhi nyingi alikuwa mwenye kesi nyingi. Juu ya hayo, ardhi yoyote iliyobaki kwa jina la Clark ingeweza kukamatwa na wadai wa vita. Ndiyo maana katika hati za miaka ya 1780 na 1790 tunamwona akihamisha viwanja, kimoja baada ya kingine, kwa ndugu na jamaa zake. Mmoja wa wadai alikuwa Laurent Bazadone, mfanyabiashara wa Vincennes, ambaye bidhaa zake zilitwaliwa na watu wa Clark mwaka 1786. Aliendelea na kesi kwa miaka mingi, na mdogo wake Clark, William, alilazimika kusafiri mara kwa mara kwa ajili ya mashauri ya kaka yake.

Mwaka 1786 ulimharibia jina pia. Kampeni aliyoiongoza kwenye mto Wabash ilivunjika kwa uasi wa askari, na mpinzani wake James Wilkinson alieneza barua za kumchafua kwa ulevi. Wilkinson, ambaye baadaye iligundulika kwamba alipokea fedha za siri kutoka Hispania, si shahidi wa kuaminika. Lakini ulevi wenyewe unatajwa na watu wengi mno kuweza kukanushwa. Mwaka 1793 Clark alikubali cheo cha jenerali kutoka kwa Edmond-Charles Genêt, balozi wa Ufaransa, ili awashambulie Wahispania wa Louisiana. Serikali ya Washington ilizuia mpango huo, na Clark akabaki na madeni mapya juu ya yale ya zamani.

Familia, watumwa na miaka ya mwisho

Mwaka 1803 Clark alijenga nyumba ya magogo Clarksville, juu ya maporomoko. Mwaka huo mdogo wake William, aliyezaliwa 1770, na Meriwether Lewis waliondoka hapo tarehe 26 Oktoba kwa ile safari ya Pasifiki ambayo Jefferson alikuwa ameiota miaka 20 kabla. Mtu mmoja katika msafara huo, York, alikuwa mtumwa wa William. Barua za William kwa kaka yao mkubwa Jonathan, zilizotunzwa Louisville na kuchapishwa mwaka 2002, zinaonyesha kwamba baada ya safari York aliomba akae karibu na mke wake Louisville, na kwamba William alikasirishwa na ombi hilo. Nyaraka za familia ya Clark haziwezi kusomwa bila watu hawa. Wamo katika wosia na katika orodha za mali, wakiandikwa kwa jina moja tu na bei kando yake.

Mwaka 1809 Clark alipatwa na kiharusi, akaanguka karibu na moto na kuungua mguu vibaya hata ukakatwa. Alihamia Locust Grove, nje ya Louisville, kwa dada yake Lucy na shemeji yake William Croghan. Mwaka 1812 Virginia ilimpelekea upanga wa heshima na pensheni ya dola 400 kwa mwaka. Kuna hadithi maarufu kwamba aliuvunja upanga akisema alihitaji mkate. Inapendwa kusimuliwa, lakini matoleo yake yanatofautiana mno kuichukua kama historia. Alifariki tarehe 13 Februari 1818. Hakuoa na hakuacha mtoto anayejulikana. Miaka kadhaa baadaye Virginia iliwalipa warithi wake dola 30,000 kama sehemu ya madai.

Vigo alifariki 1836 akiwa maskini. Dai lake lilipita katika kamati za Congress na mahakama hadi mwaka 1876, warithi wake walipolipwa karibu dola 50,000. Deni lenyewe lilikuwa dola 8,616. Kilichobaki kilikuwa riba.

Safari ya nyaraka

Clark alipofariki, karatasi zilizokuwa nyumbani zilibaki na familia ya Croghan. Aliyezikusanya kwa upana ni Lyman Draper (1815–1891), mzaliwa wa jimbo la New York, mtu mfupi mwenye afya dhaifu na subira isiyo na mfano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1830 alisafiri Kentucky, Tennessee, Virginia na kwingineko akiwatafuta wazee wa mpakani na watoto wao. Aliandika masimulizi yao, akanunua, akapewa au kuazima karatasi zao. Familia nyingine zililalamika kwamba vilivyoazimwa havikurudi.

Draper alikusudia kuandika wasifu wa Clark na wa mashujaa wengine. Alikusanya miaka 50 na hakuuandika; kila alipotaka kuanza aliona kuna shahidi mmoja ambaye hajamwandikia. Alikuwa katibu wa Jumuiya ya Historia ya Wisconsin kuanzia 1854 hadi 1886, na mali yote aliirithisha jumuiya hiyo. Hivyo ndivyo nyaraka za mtu wa Virginia na Kentucky zilivyofika Madison, mji ambao Clark hakuwahi kuuona. Hati za Draper ni karibu majuzuu 500. Yamepangwa kwa herufi, na kundi J, lenye majuzuu 65, ni la Clark. Yamepigwa picha katika mikrofilamu, ambayo maktaba nyingi za Marekani zinayo.

Karatasi nyingine za familia zilimfuata William Clark hadi St. Louis, nazo ziko katika Jumuiya ya Historia ya Missouri. Jumuiya ya Filson mjini Louisville ina sehemu yake pia.

Ugunduzi wa 1913

Draper alikuwa na karatasi za Clark mwenyewe. Zile alizozituma serikalini hakuna aliyekuwa nazo, au ndivyo ilivyoaminika. Mwaka 1913 vifurushi vya hesabu za Kikosi cha Illinois vilipatikana Richmond, katika jengo la mkaguzi wa hesabu za jimbo: maelfu ya stakabadhi, oda za chakula, orodha za mishahara na daftari, nyingine kwa Kiingereza na nyingine kwa Kifaransa. Hazikuungua mwaka 1781. Zilikuwa zimefungwa na kuwekwa. Leo ziko katika Maktaba ya Virginia.

Hesabu hizo zilionyesha kwamba Clark alikuwa ametunza kumbukumbu kwa uangalifu na kuziwasilisha kama alivyosema. Hazithibitishi kwamba kila bei ilikuwa ya haki au kwamba hakuna ofisa wake aliyeiba. Ila sababu kuu iliyotolewa ya kutomlipa, yaani ukosefu wa hati, haikuwa ya kweli. Aliyefunga vifurushi hivyo hajulikani, wala hakuna dalili kwamba vilifichwa kwa makusudi. Karani aliyepanga vibaya anatosha kuyaeleza yote.

Kwa historia ya watu wa kawaida, stakabadhi hizi zina thamani kuliko barua za jenerali. Ndani yake wamo wauza unga wa Kaskaskia na Cahokia, washona viatu, wapiga kasia na askari ambao hawatajwi popote pengine. Kwa wajukuu wao wengi, karatasi hizo ndizo ushahidi pekee kwamba mababu zao walishiriki katika vita hiyo.

Matoleo yaliyochapishwa

Mwanahistoria James Alton James alihariri nyaraka za Clark katika majuzuu mawili ya mfululizo wa historia wa jimbo la Illinois: la kwanza, la miaka 1771–1781, lilitoka 1912, na la pili, la miaka 1781–1784, lilitoka 1926. Ukilinganisha tarehe utaona kwamba la kwanza lilitoka mwaka mmoja tu kabla ya ugunduzi wa Richmond. James aliacha tahajia ya Clark kama ilivyo, na mwanafunzi anayeanza kuisoma asikate tamaa. Clark aliandika maneno kama alivyoyasikia, na neno lilelile linaweza kuonekana kwa sura tatu katika ukurasa mmoja. Dawa ni kusoma kwa sauti.

Majuzuu hayo yanaishia 1784. Kwa miaka ya kesi, ya Genêt, ya kuhamisha ardhi na ya Locust Grove, mtafiti bado analazimika kurudi kwenye mikrofilamu na hati zenyewe, sanduku kwa sanduku, katika miji minne.